Undugu ni Kufaana, si Kufanana

Wahenga waliposema kwamba undugu ni kufaana, si kufanana, hawakuwa wakifikiria kompyuta. Hata hivyo sijapata kusikia maneno mengine machache yanayoeleza vizuri zaidi kosa linaloharibu kumbukumbu za watu katika shule na vyuo vyetu hivi leo. Kosa lenyewe ni kuchukua jambo ambalo ni uhusiano tu na kulifanya kuwa ukoo. Katika kurasa hizi nataka kuligombeza kosa hilo, na nitaligombeza kwa Kiswahili cha kawaida, kwa kuwa baadhi ya vijana wanaolitenda hupenda kujificha nyuma ya maneno magumu ili sisi wazee tuone haya kuuliza.

Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu. Nilisomea ualimu chuoni, nikafundisha na kuongoza shule za Handeni na Korogwe hadi nilipotimiza miaka 60 ya kustaafu kwa mujibu wa sheria. Uhandisi wa kompyuta sikuusomea. Lakini baada ya kustaafu niliombwa kusaidia kuhamisha kumbukumbu za taasisi moja ya binafsi kutoka kwenye madaftari na kuziingiza katika kompyuta, na kwa kuwa nimezoea kudai maelezo kutoka kwa wanafunzi, nilidai maelezo kutoka kwa mafundi mpaka wakanieleza. Wala msomaji asinidhanie kuwa ni adui wa mashine. Nakumbuka vema mwaka 1974 Serikali ilipopiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya Hazina kusumbuliwa na mfumo wa hesabu ulioleta hasara. Simo katika wanaotamani marufuku ile irudi. Ninachodai ni kwamba mashine iwaandike watu kama walivyo.

Kwanza tuelewane kuhusu vitu vyenyewe. Fundi wa programu za wavuti siku hizi hajengi kila kitu kwa mikono yake. Huchukua kiunzi kilichokwisha kusimamishwa na wengine, kama vile anayejenga nyumba ya udongo anavyokuta miti imesimama na fito zimefungwa, kazi yake ikabaki kukandika. Viunzi hivyo vina majina. Kipo Rails, kilichotolewa mwaka 2004 na David Heinemeier Hansson wa Denmark. Kipo Django, kilichozaliwa katika ofisi ya gazeti moja la mji wa Lawrence, Kansas, Marekani, na kutolewa kwa watu wote mwaka 2005. Kipo Laravel cha mwaka 2011. Ndani ya kiunzi fundi huandika modeli. Modeli ni maelezo ya aina ya kitu kinachotunzwa: mwanafunzi, darasa, somo, malipo. Kwa kawaida modeli ina jedwali lake katika kanzidata, na kila mstari wa jedwali ni mtu mmoja au kitu kimoja.

Modeli mbili zaweza kuunganishwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni uhusiano: mstari wa darasa unabeba namba ya mwalimu wake, basi. Njia ya pili ni urithi: fundi anasema kwamba Mwalimu ni aina ya Mtu, kwa hiyo kila alichonacho Mtu, yaani jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani, Mwalimu anacho bila kuandikwa tena. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Neno urithi lenyewe linapotosha kidogo. Kwetu mtu hurithi mzazi anapofariki, na wazee hukaa kikao wakagawa. Katika programu mzazi hafi, kikao hakuna, na mtoto hupokea kila kitu pamoja na madeni.

Mawazo haya mawili hayakutoka mahali pamoja. Urithi ulikuja na lugha ya Simula ya Wanorwei wawili, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, mwaka 1967, mwaka uleule tuliotangaza Azimio la Arusha. Lugha hiyo ilikusudiwa kuigiza mwenendo wa mambo ndani ya mashine. Majedwali yenye kuhusiana yalielezwa mwaka 1970 na Edgar Codd wa kampuni ya IBM, na shabaha yake ilikuwa kutunza kumbukumbu. Kiunzi cha leo kinajaribu kuwaoza wawili hao. Ndoa hiyo yataka uangalizi wa kila siku, na fundi asipokuwa mwangalifu, anayeumia ni yule aliyeandikwa humo.

Sasa mpe kijana kazi ya kuandika programu ya shule, uone atakavyoanza. Atachora mti. Juu kabisa ataweka Mtu. Chini yake ataning'iniza Mwanafunzi, Mwalimu, Mzazi na Karani. Atausimamisha mti huo mbele ya Bodi ya Shule, na wajumbe watapiga makofi, maana ni mchoro safi, unaeleweka kwa mara moja. Mimi nauliza swali moja tu: huyu mwanamke ambaye ni mwalimu wa darasa la tano, ana mtoto darasa la pili katika shule hiyohiyo, na jioni anasoma stashahada, ananing'inia kwenye tawi lipi?

Asiniambie mtu kwamba hilo ni jambo la nadra. Novemba 1974 lilitoka Azimio la Musoma, lililotaka watoto wote wa rika la shule wawe wameingia shuleni ifikapo 1977. Walimu hawakutosha. Kuanzia mwaka 1976 vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa kwa makumi ya maelfu nchini, wakasomeshwa ualimu papo hapo vijijini huku wakifundisha. Tuliwaita walimu wa UPE. Asubuhi alisimama mbele ya watoto akishika chaki, mchana akakaa kwenye dawati akishika kalamu. Alikuwa mwalimu na mwanafunzi siku ileile, na wakati mwingine katika chumba kilekile. Wengi wao baadaye walirudi vyuoni kupanda daraja, na wako waliokuja kuwa wakuu wa shule. Elimu ya nchi hii ilibebwa na watu ambao mti wa kijana huyu hauna tawi la kuwaweka.

Yanayotokea mti huo unapokutana na watu halisi niliyaona kwa macho yangu. Taasisi ile niliyoitaja, ambayo sitaitaja jina, ilikuwa na programu iliyojengwa juu ya Django kwa urithi wa majedwali mawili: jedwali la watu, na jedwali la wanafunzi linaloelekeza kwenye mstari wa mtu. Binti mmoja alimaliza mafunzo hapo, akaajiriwa hapohapo kuwa mwalimu. Karani alitaka kumhamisha. Programu haikuwa na kitufe cha kumhamisha, kwa sababu katika mti mtu hahami tawi. Karani akafanya kama alivyoona ni busara: akamfuta uanafunzi ili amwandike upya kuwa mwalimu.

Hapa msomaji asikilize vizuri, maana ndiko shida iliko. Katika Django, ukimfuta mtoto wa urithi wa namna hii, mzazi wake naye hufutwa, kwa kuwa kiunzi huwahesabu wawili hao kuwa kitu kimoja. Na mzazi akifutwa, kila mstari uliofungamanishwa naye kwa agizo la kufuta kwa mfuatano hufutwa pia. Karani alikusudia kuondoa cheo cha mwanafunzi, lakini mashine ilimwondoa binti mzima, na matokeo yake ya mitihani, na risiti zake za ada. Hakukuwa na kengele wala taa nyekundu. Iligundulika miezi mingi baadaye alipoomba nakala ya matokeo ili ajiunge na masomo ya juu, akaambiwa hajapata kusoma hapo. Kilichomwokoa ni daftari jeusi la matokeo lililokuwa bado kabatini, ambalo watu wawili walikwisha kupendekeza lichomwe.

Waliohusika walisema kosa ni la karani. La hasha! Karani alifanya kile ambacho programu ilimruhusu, akitumia neno ambalo programu yenyewe ilimwekea. Watengenezaji wa Django wenyewe walilijua jambo hili: katika toleo la 1.9 la mwezi Desemba 2015 waliongeza namna ya kuagiza kwamba mtoto afutwe lakini mzazi abaki. Na tangu toleo la 2.0 la mwaka 2017 fundi analazimika kuandika waziwazi nini kitokee kwa kila uhusiano pale upande wa pili unapofutwa. Zamani, akinyamaza, kufuta kwa mfuatano kulijifanya kwenyewe. Lipo hata agizo la kukataa kabisa kufuta mtu mwenye kumbukumbu zinazomtegemea. Dawa ilikuwapo dukani. Fundi hakuinunua, kisha lawama akatupiwa mgonjwa.

Kuna kosa la pili, ndugu wa hilo. Tuseme mtu yumo tayari katika jedwali la watu, labda aliandikwa kama mzazi, na sasa unataka awe pia mwalimu. Fundi asiyejua huunda mstari mpya wa Mwalimu na kuuelekeza kwa mtu yule, kisha huhifadhi. Kiunzi, kwa utii wake, huhifadhi na sehemu ya mzazi pia, na kwa kuwa fundi hakujaza jina, jina tupu huandikwa juu ya jina lililokuwapo. Mtu anaongezewa kazi, papo hapo anapoteza jina. Ukikuta katika orodha ya watumishi mstari wenye namba lakini hauna jina, usianze kumkaripia anayechapa. Anzia hapo.

Wanaotumia Rails wasicheke. Rails hupenda njia nyingine, ya kuwaweka wote katika jedwali moja na kuongeza safu iitwayo type, ambamo huandikwa neno moja: Mwalimu, au Mwanafunzi, au Mzazi. Neno moja tu! Ukilibadilisha mtu akawa Mzazi, darasa alilokuwa akilifundisha bado linabeba namba yake, lakini programu ikiuliza mwalimu wa darasa hilo ni nani, inatafuta mtu mwenye namba hiyo ambaye type yake ni Mwalimu, haimpati, inajibu kwamba hakuna. Namba ipo na mtu yupo, ila darasa linaonekana yatima. Katika kiunzi hichohicho, ukitangaza uhusiano ndani ya modeli ya Mwalimu, kiunzi hubuni kwamba safu ya kuunganisha inaitwa kwa jina la mwalimu, ilhali jedwali lina safu kwa jina la mtu. Hapo programu hukwama na kupiga kelele. Kosa hilo ni la heri, kwa sababu linapiga kelele, nawe unalirekebisha kwa kutaja jina la safu. Nayaogopa zaidi yale yasiyosema kitu.

Msomaji atauliza kama haya ni maradhi ya mafundi wadogo wa vijijini. Hapana. Mwaka 2004 ulianza mradi wa OpenMRS, programu ya wavuti ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa, iliyobuniwa na wataalamu wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana wakishirikiana na hospitali na chuo kikuu cha Moi kule Eldoret, Kenya. Ni kazi ya kuheshimiwa, na imesaidia wagonjwa wengi katika nchi nyingi. Humo pia Mgonjwa aliandikwa kuwa aina ya Mtu kwa urithi, na mwanzoni hata Mtumiaji wa programu, yaani muuguzi au karani, alikuwa aina ya Mtu kwa njia hiyohiyo. Lakini muuguzi naye huugua. Ikabidi kiandikwe kipande maalumu cha programu cha kupenyeza mstari wa mgonjwa kwa mtu ambaye tayari yumo, kwa kuwa urithi haukuruhusu mtu aliyekwisha kuwapo ageuke kuwa mgonjwa. Na Mtumiaji hatimaye aliondolewa kwenye ukoo wa Mtu, akawa ni kitu chenye uhusiano na mtu. Waungwana wale walirekebisha. Sisi kwa nini tuanze na kosa ambalo wengine wamekwisha kulilipia?

Tazama tunavyoitana sisi wenyewe. Mimi ni baba kwa huyu, mjomba kwa yule, shemeji wa mwingine, na mtani wa jirani yangu. Hakuna anayedhani kwamba mjomba ni aina ya binadamu. Ujomba upo kati ya watu wawili; siku ya harusi ya mpwa unakuwa na uzito, siku nyingine umelala, na wakati wote mimi ni yuleyule. Ualimu pia uko hivyo: ni jambo lililo kati ya mtu na shule fulani, tangu tarehe fulani mpaka tarehe fulani. Basi na uwe na jedwali lake, lenye namba ya mtu, namba ya shule, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza. Uanafunzi uwe na lake, uzazi uwe na lake. Mtu abaki mmoja, mstari mmoja, namba moja. Mtumishi wa umma analijua jambo hili katika cheki namba yake: anahamishwa kutoka Sindeni hadi Mombo, anapanda daraja, anakuwa mkuu wa shule, na namba inabaki ileile.

Uhusiano nao una adabu zake, na ya kwanza ni tarehe. Mwaka 2002 Wilaya ya Kilindi ilimegwa kutoka Handeni. Shule za Songe na vijiji vyake hazikusogea hata hatua moja. Wilaya ndiyo iliyobadilika. Baadaye Handeni na Korogwe zilipata kila moja Halmashauri ya Mji mbali na ile ya Wilaya. Programu inayoandika shule na wilaya yake bila kusema tangu lini, itakuonyesha kwamba mwalimu aliyefundisha Songe mwaka 1990 alikuwa mtumishi wa Kilindi, wilaya ambayo haikuwapo. Mzee huyo akifuatilia mafao yake, atatumwa kwenye ofisi ambayo jalada lake halikuanzia. Hizo ni nauli, siku za kulala ugenini, na machozi ya mtu aliyeitumikia nchi miaka zaidi ya thelathini.

Madaftari yetu ya zamani yalilijua somo hili. Rejista ya uandikishaji ilikuwa na namba ya mtoto, jina, mzazi au mlezi, kijiji, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka na sababu ya kutoka. Mtoto akihama hatukuchana ukurasa. Tuliandika tarehe. Kuondoka kuliandikwa kama kuja kulivyoandikwa, na mkaguzi aliyefika baada ya miaka 20 alisoma yote mawili. Programu yoyote inayotumia kifutio pale ambapo daftari lilitumia tarehe, imerudi nyuma ya daftari, hata kama inang'aa namna gani.

Najua watakavyonijibu. Watasema kwanza kwamba urithi unaokoa kurudiarudia maneno. Ni kweli, unaokoa mistari michache ya fundi, naye karani analipa mistari hiyo kwa miaka 10. Watasema pili kwamba mahusiano mengi yanaichosha mashine kwa kuunganisha majedwali. Lakini urithi wa majedwali mawili nao huunganisha jedwali la mtoto na la mzazi kila unapomtafuta mtu. Uchovu ni uleule, umefichwa tu nyuma ya pazia. Watasema tatu kwamba mti unaeleweka kwa wakubwa. Hapo nakubali, na ndipo penye hatari: unaeleweka upesi kwa sababu umewaacha nje watu wanaosumbua.

Wala sisemi kwamba urithi hauna kazi. Malipo ya benki na malipo ya taslimu yaweza kuwa aina mbili za Malipo, maana lililolipwa benki halitageuka kesho likawa la taslimu. Tena Django ina modeli dhahania, isiyo na jedwali, ambayo hugawa tu safu za pamoja kama tarehe ya kuandikwa na jina la aliyeandika. Hiyo itumike bila hofu. Lakini tahadhari hata katika vitu. Nimeona fundi akifanya Bweni na Darasa kuwa aina mbili za Jengo. Yaelekea hajawahi kuwa shuleni kwetu msimu ambao bweni limeezuliwa na upepo, na wasichana wakalala kwenye darasa la kidato cha kwanza kwa muhula mzima.

Kwa hiyo nawapa maofisa elimu, wakuu wa vyuo na wajumbe wa bodi maswali matatu ya kumuuliza fundi kabla ya kutia saini hati ya malipo. Je, mtu aweza kuwa vitu hivi viwili kwa wakati mmoja? Je, aweza kuacha kuwa kimoja na bado akabaki mtu? Je, nitataka baadaye kujua alianza lini na aliacha lini? Jibu likiwa ndiyo kwa hata swali moja, hapo pasiwe na urithi. Pawe na uhusiano. Kisha mwambieni afanye jaribio mbele yenu: amwandike mwanafunzi wa mfano, ampe matokeo, amgeuze mwalimu, amfanye na mzazi, halafu amwondoe uanafunzi. Mwisho afungue matokeo yake. Yakiwapo, mlipeni. Yasipokuwapo, arudi akaandike upya kwa gharama yake.

Na kwa wale ambao tayari wana programu ya mti, wasivunje nyumba watu wakiwa ndani. Anzeni kwa kuondoa ruhusa ya kufuta mtu. Karani aandike tarehe ya mwisho badala yake. Tengenezeni nakala ya kanzidata na kuihifadhi mahali pengine. Ongezeni majedwali ya uhusiano pembeni, mjaze humo yaliyomo kwenye matawi, mlinganishe hesabu mtu kwa mtu na daftari lililo kabatini, na hapo tu ndipo matawi yakatwe. Kazi hiyo ni ya wiki kadhaa, haina makofi, na kijana atakayeifanya vizuri anastahili malipo kuliko yule aliyechora mti.

Daftari lile la kabatini msilichome. Lina watu ambao mashine haijajifunza bado kuwaandika, na baadhi yao wanangoja pensheni.